Vidonge vya Elvis

JERUSHA: Haloo? Nani mwenzangu?

DORINE: Haloo, Daktari? Unanipata? Ni mimi.

JERUSHA: Mimi nani? Hii namba siijui.

DORINE: Dorine. Mama Emma. Hii ni laini ya saluni, simu yangu imekataa kushika chaji.

JERUSHA: Aa, Mama Emma. Habari ya Migori?

DORINE: Tuko tu. Kumenyesha, matope kila mahali. Habari ya Homa Bay?

JERUSHA: Jua.

DORINE: Uko kazini? Nisije nikakuharibia—

JERUSHA: Niko maabara, lakini sema. Hakuna kitu nafanya.

DORINE: Ati mtu wa maabara hana kitu anafanya, mchana hivi?

JERUSHA: Nawasha mashine asubuhi, jioni nazima. Tangu tumzike Elvis ni hivyo tu.

DORINE: Hata mimi. Namsuka mtu mpaka namaliza, analipa, anaenda, halafu ukiniuliza nilimsuka mtindo gani siwezi kukwambia. Hii ni wiki ya sita.

JERUSHA: Ya sita, ndiyo.

DORINE: Na sijalia, unajua? Siku ya mazishi nililia kwa sababu watu walikuwa wananiangalia. Baada ya hapo, wapi.

JERUSHA: Na Emma?

DORINE: Yuko shule. Anakula, anafanya homuweki. Hajaniuliza swali hata moja juu ya babake. Mtoto wa miaka tisa, hata moja! Hiyo ndiyo inanitisha.

JERUSHA: Mm.

DORINE: Sasa sikiza, sikukupigia tulie. Niko na mtu kwa draya, bado dakika chache. Nataka kukuuliza kitu cha kikazi.

JERUSHA: Cha kikazi?

DORINE: Ya kazi yako. Leo asubuhi nimeanza kutoa nguo za Elvis. Kaka yenu Wangwe alisema zitoke kwa kabati kabla ya kikao cha familia cha Jumamosi, na vile yeye ndiye mkubwa, akisema ni amri. Basi chini ya makoti nimepata mfuko, niko nao hapa saluni, ndani makopo matatu ya dawa, nyeupe. Imeandikwa "Biotin".

JERUSHA: (kimya)

DORINE: Haloo?

JERUSHA: Nakusikia.

DORINE: Si hiyo ndiyo ile unasomea miaka yote? Nikacheka peke yangu. Wateja wangu wanaitafuta hiyo kama dhahabu, ati inarefusha nywele na kucha. Nikasema, Elvis na kipara yake, alikuwa anaficha dawa ya nywele?

JERUSHA: Hazikuwa za nywele.

DORINE: Basi nikasema, wacha nimuulize mwenyewe. Zilizobaki naweza kupatia mteja, ama zina shida?

JERUSHA: Usimpe mtu.

DORINE: Sawa. Ni—

JERUSHA: Vimebaki vingapi? Vidonge. Hesabu.

DORINE: Makopo mawili hayana kitu. La tatu... ngoja nimwage kwa mkono. (mtandao unakwaruza) ...tisa, kumi, kumi na moja.

JERUSHA: Rudia, hapo ulipotea.

DORINE: Kumi na moja!

JERUSHA: Nilimpa Krismasi. Vilikuwa vitoshe mpaka mwezi wa tisa, kimoja kwa siku.

DORINE: Ah, hizi ndizo? Kumbe! Hizi ndizo "dawa ya sista"?

JERUSHA: Ndivyo alivyoziita?

DORINE: Kila siku. Alikuwa anamimina kwa kikopo cha mafuta ya kujipaka, anaweka kando ya kitanda. Nilijua ni dawa yako ya ile ganzi ya miguu. Jina ndiyo sikujua. Kimoja kwa siku? Aah-aa. Hapo mwanzo labda. Mwezi wa pili vidole vilianza kuamka, akafurahi sana, akasema kama kimoja kinafanya hivi, tatu zitafanya nini. Asubuhi tatu, wakati mwingine na jioni.

JERUSHA: Hakuniambia.

DORINE: Angekuambia aje, ungemkataza.

JERUSHA: Dorine. Ile siku ya hospitali.

DORINE: Wacha tusianze hiyo.

JERUSHA: Siku ile kifua kilimshika, alikuwa amevimeza?

DORINE: Kwa nini unauliza?

JERUSHA: Nijibu tu.

DORINE: Alimeza asubuhi na chai, ndiyo aende Isebania kupitisha malori yake mpakani. Hakufika hata stendi. Kifua kikambana, jasho, akanipigia, nikafunga saluni tukaenda hospitali.

JERUSHA: Na hapo hospitali?

DORINE: Hapo... alikuwa na kile kikopo kwa mfuko wa koti. Akameza zingine tatu wakati tunangoja foleni. Akaniambia, hizi zimeniamshia miguu, labda zitatuliza kifua.

JERUSHA: Halafu wakamtoa damu.

DORINE: Wakamtoa. Na baada ya masaa kama sita wakamtoa tena. Zote mbili zikasema moyo uko sawa. Na ule mchoro wa moyo wakasema hauna kitu cha kushika. Daktari akasema ni vidonda vya tumbo, akampa dawa ya kunywa.

JERUSHA: Walimuuliza anatumia dawa gani?

DORINE: Walimuuliza. Akataja ya sukari na ya presha. Mimi nikamgusa na kiwiko, nikamwambia, na ile ya sista? Akasema hiyo si dawa, hiyo ni vitamini tu.

JERUSHA: Ni mimi nilimwambia hivyo.

DORINE: Nini?

JERUSHA: Ni mimi nilimwambia ni vitamini tu.

DORINE: Na si ni vitamini?

JERUSHA: (kimya)

DORINE: Daktari? Mtandao ama ni wewe?

JERUSHA: Ni mimi. Mteja wako anaweza kungoja?

DORINE: Anangoja, analala huyo. Kwani kuna nini? Unanihoji kama polisi. Nimehojiwa ya kutosha. Wangwe mwenyewe amenihoji mara tatu. Ati daktari alitaka Elvis alale pale waangalie mpaka asubuhi, ni kweli ama si kweli? Ni kweli. Ati ni mimi niliomba aende nyumbani? Ni mimi. Nilikuwa na bibi harusi wa Karungu, na wasimamizi wake wanne, Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Nikasema kama vipimo viko sawa, si alale kwake tu? Akaweka sahihi, tukaenda. Asubuhi niko na bibi harusi, nimefika nusu ya kichwa, jirani akakuja kuniita.

JERUSHA: Najua, Dorine.

DORINE: Alikuwa amekaa kwa kiti anavaa soksi. Moja iko mguuni, moja mkononi.

JERUSHA: Najua.

DORINE: Na nyinyi wote mnasema nilimtoa mgonjwa kitandani nikasuke nywele. Wangwe alisema mbele ya jeneza, watu wa kwetu kutoka Mfangano wote wanasikia. Mama yangu alisikia. Na sasa Jumamosi anataka kumchukua Emma, akae kwake Isebania, ati mimi siwezi kulinda mtu. Ulijua hiyo?

JERUSHA: Aliniambia.

DORINE: Ukasema nini?

JERUSHA: Sikusema kitu.

DORINE: Na siku ya mazishi ulikuwa umekaa pale mbele, na miwani yako. Ukasema nini?

JERUSHA: Hakuna.

DORINE: Uliamini?

JERUSHA: Niliamini. Kidogo. Ilikuwa rahisi kuamini hivyo.

DORINE: Haya. Asante kwa kusema ukweli. Wacha nimtoe mtu kwa draya—

JERUSHA: Usikate. Tafadhali usikate, kuna jambo. Kaa chini.

DORINE: Nimesimama ni sawa.

JERUSHA: Elvis alikusimulia juu ya mayai?

DORINE: Mayai gani tena? Ya panya? Ile ya chuo?

JERUSHA: Hiyo.

DORINE: Alisimulia mpaka kwa arusi yetu. Ati wewe ulikuwa unafuga panya na kuwapa ile nyeupe ya yai, mbichi, mpaka wakanyonyoka manyoya. Yeye anakuletea trei za mayai na basi kutoka Isebania, na viini mnakaanga. Alikula viini mwezi mzima. Mpaka anakufa alikuwa hali yai.

JERUSHA: Ndiyo. Ile nyeupe ya yai ikiwa mbichi ina kitu kinachoishika biotin, na kikishaishika hakiachi. Ndiyo maana panya walikonda na kunyonyoka manyoya, chakula wanakula lakini mwili hauwezi kukitumia. Nilianzia hapo. Miaka ishirini na mbili iliyofuata ni hiyo hiyo. Biotin kwenye ini, biotin na sukari. Nikaja Homa Bay kuwapa watu wa sukari hivi vidonge, nione kama—

DORINE: Hayo najua. Elvis alikuwa anatembea na jina lako mfukoni.

JERUSHA: Sikiliza basi. Mashine za kupima damu, nyingi zinatumia ndugu wa kile kitu cha kwenye yai. Moyo ukiumia, unamwaga alama fulani kwenye damu. Mashine inaivua ile alama kwa kamba, na kamba yenyewe imefungwa kwa biotin. Kile kitu kinaishika hiyo biotin, mashine inasoma, inasema huyu moyo wake umeumia.

DORINE: Mm.

JERUSHA: Sasa mtu akiwa amemeza biotin nyingi, damu yake imejaa. Kinashika ile ya kwenye damu, kinajaa, hakina nafasi tena. Ile alama inapita bila kushikwa. Mashine inaona patupu. Inasema sawa.

DORINE: (kimya)

JERUSHA: Dorine?

DORINE: Sema tena hapo mwisho. Polepole, mimi si mtu wa kusoma.

JERUSHA: Moyo wa Elvis ulikuwa umeumia tangu asubuhi ile. Kipimo kilisema sawa kwa sababu ya vidonge.

DORINE: Vyako.

JERUSHA: Vyangu.

DORINE: Kwa sababu alimeza nyingi.

JERUSHA: Hapana. Kidonge kimoja kina biotin ya kumtosha mtu siku elfu moja. Hata kama angemeza kimoja, vile nilivyomwambia. Kimoja kingetosha.

DORINE: (mtandao unakwaruza) ...ulijua?

JERUSHA: Sijapata, rudia.

DORINE: Nasema, hii kitu ya mashine, ulikuwa unaijua? Ama umeijua leo?

JERUSHA: Naijua kwa miaka. Kwenye utafiti wetu kila mgonjwa anapewa kadi ya kijani. Imeandikwa kwa Kiswahili na Kijaluo: ukienda hospitali yoyote onyesha kadi hii kabla ya kutolewa damu. Inasema uache vidonge siku tatu, na kama ni dharura daktari asiamini kipimo. Niliiandika mimi. Wagonjwa mia tatu na kumi wanayo, mpaka wale wa Karungu, mpaka wale wa visiwani.

DORINE: Na Elvis?

JERUSHA: Elvis hakuwa mgonjwa wa utafiti. Hairuhusiwi, ni ndugu yangu. Nilimpa kutoka kwa masalio, Krismasi, kwa mfuko wa plastiki, tukila. Kadi sikumpa kwa sababu kila kadi ina namba na yeye hakuwa na namba.

DORINE: Hukumwambia kwa mdomo?

JERUSHA: Sikumwambia.

DORINE: Kwa nini?

JERUSHA: Sijui. Tulikuwa tunacheka. Alikuwa amevua viatu ananionyesha vidole, anavichoma na sindano ya kushonea kuonyesha hasikii. Nikamwambia meza hivi, ni vitamini tu.

DORINE: Yaye.

JERUSHA: Na kuna kingine. Wacha nimalize yote, nikinyamaza sitarudi tena. Matokeo ya utafiti yalitoka mwezi wa pili. Havifanyi kitu. Waliopewa biotin na waliopewa vidonge vitupu ni sawasawa, sukari ni ileile, ganzi ni ileile. Miaka ishirini na mbili. Wiki hiyo hiyo Elvis akanipigia, ati vidole vimeamka, nimemponya. Ningemwambia aache. Ndiyo ilikuwa kazi yangu, kumwambia aache.

DORINE: Hukumwambia.

JERUSHA: Nilitaka awepo mtu mmoja aliyepona. Na ulipotuma picha ya ile ripoti ya waliompasua, nikasoma mshipa wa moyo uliziba, kwa mtu ambaye jana yake kipimo kilisema sawa mara mbili— mimi ndiye mtu wa kwanza wa kuuliza imewezekanaje. Hata mwanafunzi wangu angeuliza. Nikafunga simu nikaenda kuhesabu mirija.

DORINE: Kwa hivyo daktari wa hospitali hakukosea.

JERUSHA: Alisoma kilichoandikwa.

DORINE: Na mimi, kumtoa pale...

JERUSHA: Ulimtoa kwa sababu karatasi ilisema yuko sawa. Mtu yeyote angemtoa.

DORINE: Wangwe anasema—

JERUSHA: Wangwe hajui.

DORINE: Wiki sita nimekuwa nikisuka watu nikifikiria wale wasimamizi wanne. Ningekataa hata wawili. Bibi harusi angetafuta mtu mwingine, saluni zimejaa Migori. Hiyo ndiyo hesabu yangu ya kila siku. Na wewe ulikuwa na jibu hapo Homa Bay.

JERUSHA: Nilikuwa nalo na sikuliangalia.

DORINE: (sauti mbali na simu) Ngoja kidogo mama, naja, toa kichwa tu pole pole. (karibu) Wangwe umemwambia?

JERUSHA: Nimejua sasa hivi, wewe ukihesabu.

DORINE: Mwambie.

JERUSHA: Nitakuja Jumamosi, kwenye kikao, nita—

DORINE: Si Jumamosi. Sasa hivi.

JERUSHA: Dorine, nikimwambia Wangwe leo, kesho imefika kila mahali. Kumpa mtu dawa ya utafiti nje ya orodha... Nitasimamishwa. Labda hata zaidi ya kusimamishwa. Nipe siku mbili niandike vizuri, nipange maneno—

DORINE: Mimi nilipewa siku ngapi? Nilisimamishwa mbele ya jeneza. Sijui hata nani alinishika mkono. Nilipewa siku ngapi za kupanga maneno?

JERUSHA: Hata moja.

DORINE: Basi kata, umpigie yeye. Ukimaliza unipigie kwa hii laini. Na hii kopo nifanye nini nayo?

JERUSHA: Usitupe. Funga yote matatu, na hivyo vidonge kumi na kimoja, weka mahali salama. Watu wa bodi ya utafiti watakuja kuvitaka.

DORINE: Waje wavichukue wakufunge nazo?

JERUSHA: Waje wavichukue.

DORINE: Haya. Piga.

(Simu inakatwa. Baadaye inaita.)

DORINE: Haloo?

JERUSHA: Ni mimi.

DORINE: Imepita saa nzima. Nilijua umetoroka.

JERUSHA: Simu yake ilikuwa inatumika. Kisha akapokea akiwa sokoni, nikamwomba aende mahali pa kukaa.

DORINE: Umemwambia?

JERUSHA: Nimemwambia.

DORINE: Yote? Na ile ya Krismasi, na ya matokeo?

JERUSHA: Yote. Alinirudisha nyuma mara mbili nimweleze ile ya mashine. Mara ya tatu akasema basi, ameelewa.

DORINE: Akasema nini? Usinipambie, sema vile alisema.

JERUSHA: Nilisikia anamwambia mtu azime redio. Halafu akasema, "Kwa hivyo yule mama hakumtoa kitandani bure." Nikamwambia hakumtoa bure.

DORINE: Yule mama.

JERUSHA: Ndivyo alisema. Akasema, "Niliongea mbele ya watu." Nikamwambia ndiyo, uliongea mbele ya watu. Akasema basi itabidi aongee tena mbele ya watu.

DORINE: Na Emma?

JERUSHA: Emma anabaki na wewe.

DORINE: Umemwomba ama amesema mwenyewe?

JERUSHA: Sikumwomba. Amesema mwenyewe, mtoto abaki na mamake. Atakupigia.

DORINE: Hatapiga.

JERUSHA: Pengine hatapiga. Lakini amesema.

DORINE: Na kikao kimevunjwa?

JERUSHA: Kikao kipo palepale. Ila sasa ni changu.

DORINE: Alikutukana?

JERUSHA: Angenitukana ingekuwa afadhali. Aliniuliza kama nimekula.

DORINE: Wangwe?

JERUSHA: Wangwe. Akakata.

DORINE: Na kazini kwako, utawaambia lini?

JERUSHA: Nimewaambia. Kabla ya kukupigia nimeandika barua kwa bodi, mistari sita, nikaituma nisije nikageuka. Mellen, yule msaidizi wangu, alikuwa amesimama nyuma yangu ananisubiri niweke sahihi kwenye oda ya glavu. Akaisoma juu ya bega langu. Akarudi na oda yake bila sahihi.

DORINE: Watafanya nini?

JERUSHA: Watafunga kilichobaki cha utafiti. Watapitia majina yote waone kama kuna mtu mwingine nilimpa.

DORINE: Kuna mwingine?

JERUSHA: Hakuna. Elvis tu.

DORINE: Unaapa?

JERUSHA: Naapa.

DORINE: Nimempigia mama yangu huko Mfangano. Hiyo saa nakungoja. Nimemwambia, si mimi, mama. Akaanza kulia, akamshukuru Mungu, ati Nyasaye, Nyasaye, akaita majirani. Mimi nimeshika simu tu, nasikiliza watu wakifurahi.

JERUSHA: Na wewe?

DORINE: Nilikuwa nadhani siku nitajua si mimi, kitu kitashuka. Kama mtu kukutua gunia. Nimengoja, hakuna kitu kimeshuka. Elvis bado hayuko. Nimemaliza mtu wa draya, nimeanza mwingine.

JERUSHA: Pole si neno la—

DORINE: Usianze.

JERUSHA: Dorine, nataka kusema—

DORINE: Najua unataka kusema nini, usiseme leo. Leo ukiniomba msamaha nitasema sawa, hakuna shida. Hivyo ndivyo nasema kwa kila mtu. Muuza maji nasema sawa, Wangwe nasema sawa. Haitakuwa ni mimi nimesema.

JERUSHA: Lini basi?

DORINE: Siku nitakuwa nasikia kitu. Siku hiyo uniombe, na mimi nikujibu vile nitakujibu. Naweza kukufukuza.

JERUSHA: Nitakuja hiyo siku.

DORINE: Inaweza kuwa mbali sana.

JERUSHA: Sina mahali pengine pa kwenda, Dorine. (mlio) Samahani, hiyo ni dakika zangu, zinaisha.

DORINE: Nimesikia. Jumamosi unakuja na gari gani?

JERUSHA: Ya kwanza.

DORINE: Shukia hapa kwangu. Usiende kwa Wangwe, usitafute hoteli.

JERUSHA: Kwako? Na watu—

DORINE: Emma atauliza shangazi yake amelala wapi. Na kuna mtu lazima amwambie huyo mtoto babake alikufa na nini. Mimi hiyo ya mashine sitaiweza. Ni wewe.

JERUSHA: Ni mimi. Sawa. Nitamwambia.

DORINE: Umwambie polepole, kama ulivyoniambia mara ya pili, si mara ya kwanza. Haya, kwaheri, mtu wangu ana rangi kichwani inamchoma—

JERUSHA: Dorine, na kama akiniuliza—

DORINE: Haloo? ... Daktari? ... Jerusha? Imekata. Haya mama, inama hapa kwa sinki nikutoe hiyo rangi. Niambie kama maji ni moto.